Alvin Ailey American Dance Theater

Alvin Ailey American Dance Theater ni kundi la dansi ya kisasa lenye makao yake katika jiji la New York, Marekani. Lilianzishwa mwaka 1958 na Alvin Ailey (5 Januari 1931 – 1 Desemba 1989), mcheza dansi na mtunzi wa dansi Mmarekani mweusi. Makundi mengi ya dansi ya kisasa hudhoofika mwanzilishi akifa. Hili liliendelea kukua, na sababu kubwa ni namna Ailey alivyolipanga tangu mapema.

Mwanzilishi

Ailey alizaliwa Rogers, mji mdogo wa jimbo la Texas, wakati ubaguzi wa rangi ulipokuwa ukilindwa na sheria. Baba yake aliondoka yeye akiwa mtoto mdogo. Alilelewa na mama yake, Lula, aliyechuma pamba na kufanya kazi katika nyumba za Wazungu. Ibada za kanisa la Kibaptisti na starehe za vilabuni Jumamosi usiku zilimkaa kichwani; baadaye aliziita kumbukumbu za damu, akazitungia dansi.

Mwaka 1942 walihamia Los Angeles. Huko mwanafunzi mwenzake, Carmen de Lavallade, alimfikisha kwa mwalimu Lester Horton, aliyefundisha watu wa rangi zote katika darasa moja, jambo la nadra Marekani ya miaka ile. Horton alipofariki mwaka 1953, Ailey, akiwa na umri wa miaka 22 tu, alishika uongozi wa kundi lake. Mwaka uliofuata alikwenda New York kucheza katika tamthilia ya muziki House of Flowers.

Miaka ya kwanza

Onyesho la kwanza lilifanyika 30 Machi 1958 katika ukumbi wa 92nd Street Y. Wachezaji wote walikuwa weusi, maana wakati huo mcheza dansi mweusi, hata awe hodari kiasi gani, hakupata nafasi kwa urahisi katika makundi makubwa. Baadaye Ailey alipokea wachezaji wa rangi nyingine pia.

Mwaka 1962 serikali ya Marekani ililituma kundi katika ziara ya Asia na Australia, na mwaka 1967 katika nchi za Afrika. Ziara hizi zilikuwa sehemu ya siasa za Vita Baridi. Inafaa kukumbuka kwamba ile ya kwanza ilifanyika miaka miwili kabla ya sheria ya mwaka 1964 iliyopiga marufuku ubaguzi katika kumbi na hoteli za Marekani: wasanii waliipamba nchi ambayo kwao ilikuwa bado haijawapa haki hizo. Sifa za ng'ambo hazikuleta fedha za kutosha, na mwaka 1970 Ailey alitangaza kulivunja kundi. Ziara ya Umoja wa Kisovyeti mwaka huohuo, iliyopokewa kwa shangwe kubwa, ilisaidia kuliokoa.

Revelations na Cry

Revelations, yaani Mafunuo, ilionyeshwa mara ya kwanza 31 Januari 1960. Inachezwa kwa nyimbo za kiroho za Wamarekani weusi na ina sehemu tatu. Ya kwanza ni ya huzuni: wachezaji husimama wamesongamana, mikono wameitandaza kama mabawa. Ya pili ni ubatizo. Vitambaa virefu vinavyotikiswa jukwaani huwa mawimbi ya mto. Ya tatu ni Jumapili kanisani, akina mama wakiwa na kofia, vipepeo na vigoda. Hadi leo ndiyo hufunga maonyesho mengi ya kundi. Wapo wahakiki wanaolalamika kwamba imezifunika kazi nyingine za Ailey, na lalamiko hilo lina ukweli.

Cry ya mwaka 1971 ni dansi ya mchezaji mmoja, Ailey aliyomtungia mama yake kama zawadi ya siku ya kuzaliwa. Judith Jamison aliicheza akiwa na kitambaa kirefu cheupe, ambacho mara huwa tambara la kusugulia sakafu, mara ushungi.

Urithi

Waanzilishi wengi wa dansi ya kisasa walifanya makundi yao kuwa mahali pa kuonyeshea tungo zao wenyewe. Kundi la Merce Cunningham, kwa mfano, lilifungwa mwaka 2011, miaka miwili baada ya kifo chake, kwa mpango aliouacha mwenyewe. Ailey alifuata njia tofauti. Aliingiza kazi za watunzi wengine, wakiwemo Talley Beatty, Donald McKayle, Pearl Primus na Katherine Dunham, ambazo bila hivyo huenda zingepotea, kwa kuwa dansi isiyochezwa haihifadhiki vizuri. Mwaka 1969 alianzisha shule, na mwaka 1974 kundi la pili la wachezaji vijana.

Alifariki kwa UKIMWI akiwa na umri wa miaka 58. Wakati ule ilitangazwa kuwa ni ugonjwa wa damu, kwa sababu alitaka kumwepushia mama yake aibu ambayo jamii iliambatanisha na UKIMWI. Uongozi ulikuwa umeandaliwa: Jamison, aliyemchagua mwenyewe, aliongoza hadi mwaka 2011, akafuatwa na Robert Battle hadi 2023. Mwaka 2014 Rais Barack Obama alimtunuku Ailey, baada ya kifo chake, Nishani ya Rais ya Uhuru. Jamison alifariki Novemba 2024. Tangu mwaka 2025 mkurugenzi wa sanaa ni Alicia Graf Mack, ambaye naye aliwahi kuwa mchezaji wa kundi hilo.