Kuua mbwa wote wa Lodwar na Kakuma hakutatuokoa. Historia iko wazi.

Ukitembea Lodwar usiku, ama Kakuma alfajiri kabla bodaboda hazijaanza kelele, unaijua hii hofu. Kundi la mbwa limelala kando ya jalala. Mmoja anainuka, wote wanainuka. Na kila mtoto akiumwa ama mbuzi wakiraruliwa, jibu ni lile lile: "Wauawe wote!"

Nawaelewa wanaosema hivyo. Mbuzi kwetu ni karo, ni mahari, ni benki yenye miguu minne. Lakini wasee, hebu turudi nyuma kidogo.

Zamani mbwa wa Turkana alikuwa na kazi na mwenyewe. Alilinda boma dhidi ya fisi na mbweha, akabweka wezi wa mifugo wakikaribia. Hata kulea alilea: mtoto mchanga akijichafua, mbwa alimlamba akawa safi. Kwenye nchi ambayo maji yanafuatwa mbali, hiyo ilikuwa akili, si uchafu.

Shida ilijificha hapo hapo. Mbwa akila matumbo mabichi ya mbuzi ama ngamia mgonjwa, anapata minyoo midogo sana. Mayai yake yanatoka na kinyesi na kushika kwenye manyoya. Mtu akiyameza, uvimbe uliojaa maji unaota kwenye ini ama mapafu. Watafiti Nelson na Rausch waliandika kuhusu ugonjwa huu Kenya mwaka wa 1963, na baadaye Turkana ikajulikana kuwa kati ya sehemu zilizoathirika zaidi duniani.

Mwaka wa 1983 AMREF ikaanza mradi wa kupambana nao. Mbwa koko waliuawa, ndiyo. Lakini mbwa wenye wenyewe walipewa dawa ya minyoo, watu wakapimwa kwa ultrasound, wagonjwa wakafanyiwa upasuaji, na jamii ikafundishwa kutowarushia mbwa matumbo. Risasi ilikuwa sehemu moja tu ya kazi. Kwa sababu mbwa anayebaki, akiendelea kula matumbo yale yale, anarudisha ugonjwa ule ule.

Sasa kichaa cha mbwa. Kenya ilithibitisha mbwa wa kwanza mwenye kichaa mwaka wa 1912, karibu na Nairobi. Tangu enzi za mkoloni sheria imeruhusu mbwa wanaozurura wauawe. Zaidi ya miaka 100 baadaye, kichaa bado kipo. Linganisha na Pemba: walichanja mbwa kwa wingi, kichaa kikaisha. Kikarudi 2016, wakachanja tena, na kufikia 2018 wakakimaliza tena. Hesabu inayotumika duniani ni kuchanja angalau asilimia 70 ya mbwa. Ukiua badala ya kuchanja, chakula kinabaki pale jalalani, na mbwa wengine wasiochanjwa wanakuja kukila.

Na chakula kimeongezeka. Kambi ya Kakuma ilianza 1992. Lodwar ikawa makao makuu ya kaunti 2013. Watu wakajaa, bucha zikaongezeka, taka zikapanda. Mbwa wa boma akawa mbwa wa jalala, bila kazi na bila mwenyewe. Huyo ndiye anayekukimbiza leo. Tulimtengeneza sisi.

Kwa hivyo tudai vitu sahihi. Katiba ya 2010, Jedwali la Nne, inazipa kaunti kazi ya kudhibiti wanyama na kutoa leseni za mbwa. Tuulize: chanjo ya mbwa ni lini? Matumbo ya kichinjio yanazikwa wapi? Mbwa aliyeua mbuzi ni wa nani, na nani atalipa? Mbwa mkali anayeshambulia watu aondolewe, hapo sibishani. Lakini msako wa siku moja bila chanjo na bila kusafisha jalala ni maonyesho tu.

Na wewe, mbwa akikujia, usikimbie. Simama, usimkodolee macho, rudi nyuma polepole. Akikuuma, osha kidonda kwa sabuni na maji yanayotiririka kwa dakika 15, kisha nenda hospitali siku hiyo hiyo ukaulize chanjo. Usingoje dalili. Dalili za kichaa zikishaanza, karibu hakuna anayepona.