Redio Mpya Kwa Ndai Imekataa Kulia? Cheki Hizi Waya Kabla Uchome Kitu

Unajua ile raha ya kutoa redio ya zamani, unaingiza mpya ya skrini kubwa, unageuza ufunguo... alafu kimya. Hakuna taa, hakuna ngoma, na nusu ya dashibodi imelala kwa kiti ya abiria.

Wasee wengi wenye gari za Japani hujipata hapa. Redio nyingi za zamani za huko zinashika FM ya kati ya 76 na 90 MHz pekee, na hapa kwetu stesheni zinaanzia 87.5 hadi 108. Kwa hivyo unabaki na stesheni chache za chini, zingine unaziskia tu ukipanda mat. Unaamua kununua redio ingine, na ndio waya zinaanza kukuonyesha dunia.

Mimi nilijifunza kwa Toyota ya ankal, gari anafanyia teksi. Niliona redio mpya iko na waya ya manjano, na gari pia iko na ya manjano. Nyekundu iko, nyeusi iko. Nikaunganisha rangi na rangi, nikapiga tepu. Kimya. Nikaona pengine moto haufiki, nikavuta moto wa betri nikaupiga kwa hiyo manjano. Spika ya nyuma ya kushoto ikatoa mlio mmoja, alafu harufu ikaingia. Ankal hakunigombeza. Alifungua tu madirisha, na siku hiyo hakuenda kazi.

Rangi hazibongi lugha moja

Hapo ndio kosa liko. Redio nyingi za kununua dukani hufuata rangi hizi:

- Manjano: moto wa betri wa saa zote, hata gari ikizimwa.
- Nyekundu: ACC, yaani moto unaokuja ukigeuza ufunguo.
- Nyeusi: athi, ile inashikana na bodi ya gari.
- Bluu: antena. Bluu yenye mstari mweupe ni ya kuamsha amplifaya.
- Nyeupe na kijivu: spika za mbele. Kijani na zambarau: spika za nyuma. Yenye mstari mweusi ndio hasi.

Sasa cheki Toyota nyingi. Moto wa saa zote ni bluu yenye mstari wa manjano. ACC ni kijivu. Athi ni kahawia. Na ile manjano na nyeusi? Hizo ni pea ya spika ya nyuma kushoto. Ndio maana niliichoma: nilikuwa nimeipelekea moto wa betri moja kwa moja.

Ukiunganisha kijivu na kijivu ni mbaya zaidi. Unapeleka volti 12 ndani ya njia ya spika ya redio, na chipu ya sauti inaweza kudedi hapo hapo. Kwa hivyo soma ile stika iko juu ya redio, alafu upime. Ukipata adapta ya plagi ya gari yako, chukua. Unaunganisha upande wa redio peke yake, na hukati waya za gari.

Kabla ushike kitu

Unahitaji mita ya kupima volti. Ukiwa unaunganisha, toa waya ya hasi kwa betri. Ukiwa unapima, irudishe. Na ukikutana na plagi za manjano zenye ziko na maandishi ya SRS, hizo ni za airbag. Zipite kama huzijui.

1. Redio haiwaki kabisa

Anza na fiuzi: kuna ya gari, na mara nyingi kuna ingine nyuma ya redio. Zikiwa fiti, weka mita kwa volti za DC, pini nyeusi ishike chuma safi ya bodi, pini nyekundu ishike waya ya moto wa saa zote. Lazima uone karibu volti 12. Hamia ACC: ufunguo ukiwa umetolewa sufuri, ukigeuza 12. Zote zikiwa poa, shida ni athi. Kwaruza rangi ya bodi mpaka chuma ionekane, alafu funga na skrubu.

2. Inasahau saa na stesheni kila ukizima

Manjano na nyekundu zimebadilishana, ama zote mbili ziko kwa ACC. Manjano ikose moto wa saa zote, redio inaamka kila siku kama mtoto mchanga.

3. Asubuhi betri imededi

Hii ni kinyume. Kuna fundi akikosa ACC huunganisha nyekundu na manjano pamoja, redio inawaka, analipwa, anaishia. Zima gari, toa ufunguo. Redio ikiendelea kuwaka, umepata mwizi wa betri.

4. Inalia lakini bezi hakuna

Spika moja imegeuzwa, chanya kwa hasi. Moja inasukuma hewa ingine inavuta, na bezi inapotea katikati. Tenganisha waya za spika na redio, gusanisha jiwe moja la tochi la volti 1.5 kwa sekunde moja. Karatasi ya spika ikiruka nje, ile waya iko kwa chanya ya jiwe ndio chanya. Ikiingia ndani, geuza.

5. Spika hailii, ama redio inajizima ukiongeza sauti

Cheki kama waya ya spika inagusa bodi, ama kama msee ameunganisha hasi zote za spika kwa athi. Redio za siku hizi hazitaki hiyo, kila spika inataka waya zake mbili. Kama si hiyo, angalia athi iliyolegea ama waya nyembamba ya moto.

6. Mlio unapanda ukikanyaga mafuta

Huo ni oltaneta unaingia kwa sauti. Mara nyingi ni athi mbovu. Kama uko na amplifaya, pitisha waya ya sauti upande mmoja wa gari na ya moto upande mwingine.

7. FM inakwaruza

Gari nyingi za Japani ziko na kifaa cha kuongeza nguvu ya antena, na hakifanyi kazi bila volti 12 kutoka ile waya ya bluu. Ukiiacha ikining'inia, utalaumu redio bure.

Fiuzi si ya kubishana nayo

Fiuzi ikiungua, weka ingine ya ampea ile ile. Usiweke kubwa, na usifunge foil ya sigara. Fiuzi inakatika ndio waya isishike moto nyuma ya dashibodi, mahali huwezi kufikia gari ikiwa barabarani na abiria ndani. Na hizo maunganiko zichomelee na risasi ama uzibane vizuri. Tepu peke yake ikikutana na jua la parking inaachilia.

Siku hizi ankal bado hunipea ufunguo, lakini kwanza anauliza mita iko wapi.