Joka Lililopoteza Nguzo

Ukiliona zulia la nguzo la Kichina limetundikwa ukutani, waweza kudhani mfumaji alikosea. Joka lake limekatika: sehemu ya mwili inaishia ukingo wa kulia, nyingine inaanzia ukingo wa kushoto. Tena kingo hizo mbili hazina pindo la mapambo, ambalo mazulia mengi ya Kichina huwa nalo pande zote nne.

Hakuna kosa. Zulia hilo lilifumwa livishwe nguzo. Katika karne ya 18 na ya 19, wafumaji wa Ningxia, kaskazini-magharibi mwa China, walifuma mazulia ya sufu kwa ajili ya monasteri za Kibudha za Tibet na Mongolia, ambazo kumbi zake za ibada zilibebwa na nguzo za mbao. Zulia lilipozungushiwa nguzo, kingo zilikutana na joka likawa zima, likipanda kwa kujiviringisha kutoka kwenye milima na mawimbi yaliyofumwa chini yake.

Hata michoro midogo ya mazulia ya Kichina hudai kitu kisichokuwemo kwenye sufu. Chukua popo. Kwa Kichina huitwa fu, na neno la baraka hutamkwa vivyo hivyo, kama sisi tunavyosema kaa tukimaanisha mnyama wa pwani au kipande cha moto. Kwa hiyo popo watano ni baraka tano: maisha marefu, utajiri, afya, kupenda wema na kufa kifo chema uzeeni. Chombo cha maua, ping, husikika kama amani. Asiyejua lugha huona mapambo tu.

Nguzo nazo hazikudumu. Wakati wa Mapinduzi ya Utamaduni, kati ya 1966 na 1976, monasteri nyingi za Tibet na Mongolia ya Ndani zilibomolewa. Mazulia yaliyokuwa yamekwisha kuuzwa nje yalibaki salama katika makumbusho na nyumba za wakusanyaji wa Ulaya na Marekani, mara nyingi yakiwa yamenyooshwa bapa.

Tunasema yameokolewa. Kwa upande wa sufu na rangi, ni kweli. Lakini mtazamaji anayeoneshwa joka vipande vipande bila maelezo ataondoka akiamini Wachina walichora hivyo. Gogo la kawaida tu, lenye unene unaofaa, lingelirudishia mwili wake.