Smelti wa Delta

Smelti wa Delta, ambaye kwa jina la kisayansi huitwa Hypomesus transpacificus, ni samaki mdogo wa jimbo la California nchini Marekani. Hapatikani penginepo duniani ila sehemu ya juu ya mlango wa mito Sacramento na San Joaquin, uitwao Delta, pale maji baridi ya mito hiyo yanapokutana na maji ya chumvi yanayopanda kutoka ghuba ya San Francisco. Ana urefu wa sentimita 5 hadi 7, mwili unaopenyeza mwanga na ubavu wenye mng'ao wa buluu. Akitolewa majini hunukia kama tango lililokatwa sasa hivi.

Wengi wao huishi mwaka mmoja tu. Mvua kubwa za kwanza za majira ya baridi zikivuruga mito, samaki wazima hupanda kwenye maji baridi, hutaga, kisha wengi hufa. Samaki wa miaka mingi akikutwa na ukame husubiri mwaka mwingine. Smelti hana nafasi hiyo. Msimu mmoja mbaya wa kuzaa humaliza sehemu kubwa ya kizazi, na jike hutaga mayai kati ya 1,200 na 2,600 hivi, idadi isiyo kubwa kwa samaki.

Makazi yake hayawezi kuwekewa mipaka kwenye ramani. Hufuata ukanda wa chumvi kidogo, nao husogea kila siku kwa kujaa na kupwa kwa maji, na kila mwaka kwa wingi wa maji ya mito. Tena huhitaji tope. Majaribio ya maabara yameonyesha kwamba vifaranga wake hula vizuri zaidi katika maji yaliyovurugika kuliko katika maji maangavu.

Idara ya jimbo inayohusika na samaki imekuwa ikikokota nyavu katika vituo vilevile karibu kila majira ya kupukutika majani tangu mwaka 1967, na kumbukumbu hizo ndizo ushahidi mkuu wa kupungua kwa samaki huyu. Kabla ya miaka ya 1980 alikuwa miongoni mwa samaki wa kawaida kabisa wa Delta. Mwaka 1993 aliwekwa chini ya ulinzi wa sheria ya taifa na ya jimbo, na mwaka 2009 California ikampandisha daraja hadi la walio hatarini kutoweka. Mwanzoni mwa miaka ya 2000 idadi yake iliporomoka tena, pamoja na samaki wengine watatu wa maji ya wazi. Mwaka 2018 nyavu za majira ya kupukutika hazikumnasa hata mmoja.

Lawama ya kwanza huangukia pampu kubwa zilizo karibu na Tracy, ambazo hupeleka maji kusini kwa mashamba na kwa watu zaidi ya milioni 25. Zinapovuta kwa nguvu, mito Old na Middle ya Delta hugeuka na kutiririka kinyume, na smelti huburutwa pamoja na maji. Mwaka 2007 mahakama ya taifa iliamuru uvutaji huo upunguzwe, na tangu hapo samaki huyu amekuwa kiini cha ugomvi kati ya wakulima, miji na watetezi wa mazingira. Ugomvi huo umefunika sababu nyingine zenye uzito. Kombe wa Asia aliyegunduliwa huko mwaka 1986 huchuja maji na kula mwani, hivyo kopepoda, wanyama wadogo wa majini ambao ndio chakula cha smelti, hupungukiwa na riziki. Magugu maji kutoka Amerika ya Kusini hunasa tope na kuyafanya maji kuwa maangavu. Viuatilifu vya mashambani na mijini huingia mitoni. Aina ya samaki wadogo wa fedha walioletwa kutoka nje hula vifaranga wa smelti, jambo lililothibitishwa kwa kupima DNA iliyomo matumboni mwao. Juu ya hayo yote, maji yanazidi kupata joto.

Hapo ndipo utafiti umefanya kazi yake kubwa. Smelti ni nadra kupatikana kwenye maji yanayozidi nyuzi joto 25 za Selsiasi, lakini uchunguzi wa jeni umeonyesha kwamba mwili wake huanza kuhangaika nyuzi kadhaa kabla ya kikomo cha uhai wake. Samaki aliye hai wavuni, basi, anaweza kuwa ameshadhoofika. Kijiwe cha sikio, ambacho hujiongezea pete moja kila siku, kimefichua mengine. Kwa kupima aina za strontiamu ndani ya pete hizo, watafiti waligundua kwamba si smelti wote huhama: wapo wanaomaliza maisha yao kwenye maji baridi, na wapo wanaokaa siku zote kwenye chumvi kidogo.

Katika kituo cha Chuo Kikuu cha California, Davis, kilichopo Byron karibu na pampu hizohizo, smelti hufugwa kama akiba tangu mwaka 2008. Kundi jingine limewekwa chini ya bwawa la Shasta. Mayai hukamuliwa kwa mkono na kuchanganywa na udongo laini ili yasigandamane, na vifaranga hulelewa katika maji ya kijani yaliyotiwa mwani badala ya tope. Kila mzazi hupimwa vinasaba, ndugu wa karibu wasipandishwe. Hata hivyo ufugaji wenyewe huwabadilisha: samaki wenye asili kubwa ya kituoni huacha wazao wengi zaidi humo kuliko wenye damu ya mwituni, ishara kwamba wanazoea tangi.

Majaribio ya kuwarudisha mtoni yalianza mjini Rio Vista mwezi Desemba 2021, na katika majira hayo ya baridi samaki zaidi ya 55,000 waliotiwa alama waliachiliwa. Sambamba na hilo, milango ya maji ya kinamasi cha Suisun huendeshwa baadhi ya miaka wakati wa kiangazi ili kupunguza chumvi, na mwaka 2019 tuta la eneo la Tule Red lilivunjwa ili maji yaingie na kutoka tena kwa kujaa na kupwa, kinamasi kizalishe chakula cha samaki.