Sheria, Kanuni na Amri katika Nchi ya Wamatengo

Katika milima ya Mbinga, na chini yake kwenye mwambao wa Ziwa Nyasa kutoka Lituhi hadi Mbamba Bay, neno sheria limetwishwa mzigo usiokuwa wake peke yake. Katazo la kuchoma moto kilimani huitwa sheria. Ushuru wa gulioni huitwa sheria. Nyavu za macho madogo husemwa zimekatazwa na sheria. Na azimio la kijiji juu ya mbuzi wanaoingia mashambani nalo ni sheria. Asikiaye hana njia ya kujua, kwa neno lenyewe, kama jambo linalomfunga limetoka Bungeni, au kwa waziri, au kwa mkuu wa wilaya, au katika mkutano alioketi yeye mwenyewe chini ya mwembe akanyosha mkono kulikubali.

Waingereza, waliotutawala hata 1961, walikuwa na majina mbalimbali kwa mambo haya. "Act" kwao ni sheria iliyopitishwa na Bunge; "ordinance" ni sheria iliyotungwa kwa mamlaka ya Gavana katika nchi isiyokuwa na Bunge lake; "regulation" ni kanuni ambayo ofisa huitunga kwa uwezo aliokopeshwa na sheria iliyo juu yake; "order" ni amri; na "by-law" ni sheria ndogo ya mahali, jina ambalo wataalamu husema asili yake ni neno la watu wa kaskazini ya Ulaya lenye maana ya kijiji au mji. Kila jina hueleza nani amesema, na kwa idhini ya nani.

Wala lugha yetu si fukara. Sheria, kwa asili yake ya Kiarabu, ilikuwa njia iendayo majini. Kanuni, iliyopita kwa Waarabu ikitoka kwa Wayunani, ilikuwa fimbo ya kunyoshea na kupimia. Amri ni kauli ya mwenye mamlaka. Desturi tuliipata kutoka Uajemi. Na mwiko ni wetu wa Kibantu tangu kale. Maneno tunayo tele. Tulilolipoteza ni mazoea ya kuyatenga, na historia ya nchi hii ya milima yaonyesha jinsi tulivyolipoteza.

Wamatengo, waliposongwa na mashambulio ya Wangoni katika karne ya kumi na tisa, walipanda juu zaidi katika milima iliyosimama kama ukuta, na huko ardhi kidogo ya mteremko ikawa haina budi kuwalisha watu wengi. Ndipo ilipositawi kazi ya ngoro. Mvua zikielekea mwisho, wanaume hufyeka nyasi, wakaziacha zikauke, kisha wakazilaza kwa mistari ikatanayo mpaka kilima chote kikawa kimechorwa miraba. Nao wanawake huingia na majembe, wakachimba udongo wa katikati ya kila mraba na kuutupia juu ya nyasi, hata pakabaki shimo lililozungukwa na matuta. Maharage hupandwa juu ya matuta hayo, na mahindi hufuata msimu wa baadaye. Nyasi zilizozikwa huoza zikawa mbolea. Na maji ya mvua, badala ya kuporomoka na rutuba kuelekea bondeni, hutuama shimoni yakauacha udongo wake humo. Msimu wa kuchimba ukirudi, mashimo huhamishwa, yakaangukia palipokuwa matuta. Nimesimama kando ya shamba la namna hiyo asubuhi baada ya mvua ya usiku, nikaona kila shimo lina maji yake, na kijito cha chini kikipita cheupe.

Kazi hiyo haikuwa na karatasi. Ililindwa na ada, na ada ilifundishwa katika sengu, yaani baraza la ukoo ambapo jamaa walikula pamoja kwa mkubwa wao, wadogo wakasikiliza, ugomvi wa mipaka ukasuluhishwa, na mvivu akaonywa mbele ya watu aliokula nao. Huwezi kuiita amri, maana hakuwepo wa kuamuru kutoka mbali. Nami naona kanuni ndilo jina lake la haki, kwa ile maana ya kwanza ya fimbo ya kipimo.

Wajerumani walijenga boma Songea mwaka 1897, na pamoja nao iliingia amri kwa maana yake kali. Kodi ya nyumba ya 1898 ilikuwa amri. Hata neno letu shauri, ambalo kwetu ni watu kupeana mawazo, walilichukua likaingia katika Kijerumani chao kwa maana ya kikao cha bwana wa boma, aliyesikiliza madai na kukata hukumu, na ambaye aliweza kumpeleka mtu kwenye viboko 25, hamsa ishirini ya masimulizi ya wazee. Mtoa amri na hakimu walikuwa mtu mmoja, na pale raia alipokosa pa kupeleka rufani ndipo tofauti ya maneno ilipoanza kufa. Katika vita vya Maji Maji hukumu ziliharakishwa zaidi, na kumbukumbu ya walionyongwa Songea tarehe 27 Februari 1906 huadhimishwa hata leo.

Mwaka 1926, wakati wa Gavana Donald Cameron, ilitungwa sheria ya mamlaka za wenyeji, ambayo kwa maandishi yake ilipambanua vizuri: machifu walipewa uwezo wa kutoa amri juu ya mambo yaliyotajwa, kama pombe, kamari, silaha, ukataji wa miti na uchafuzi wa maji, na pia uwezo wa kutunga kanuni za amani na ustawi wa watu wao. Lakini upambanuzi huo ulibaki katika Kiingereza. Kwa mkulima tarishi alikuwa yule yule na faini ile ile, naye aliyaita yote sheria ya Serikali.

Madhara ya kuchanganya namna hiyo yalionekana wazi mbali na Mbinga, katika milima ya Uluguru, ambako mwaka 1955 watu walifanya ghasia wakipinga kulazimishwa kuchimba matuta ya ngazi. Shabaha ya matuta yale ilikuwa ile ile ya ngoro, kuuzuia udongo usichukuliwe na maji. Umatengoni watu walichimba kwa hiari vizazi na vizazi kwa sababu kipimo kilikuwa chao. Uluguru walikataa kwa sababu kiliwafikia kama amri, na sidhani kwamba mabwana shamba wa wakati ule walilisikia jambo hilo katika kelele za umati.

Baada ya uhuru, uchifu uliondolewa mwaka 1963, na mahakama za wenyeji zikaunganishwa na mahakama za dola. Mwaka huo huo mila za makabila yafuatayo ukoo wa baba, zilizokusanywa na Hans Cory, zilitangazwa katika Tangazo la Serikali Namba 279. Na waraka uliozitangaza, kwa jina lake rasmi, ulikuwa amri. Mila, ambayo uhai wake ni kubadilika kadiri wazee wanavyoketi na kunena, ilitiwa katika chombo asichoweza mzee yeyote kukifungua.

Na huko ziwani kuna neno jingine tena. Mapatano ya Uingereza na Ujerumani ya tarehe 1 Julai 1890 yaliuweka mpaka ukingoni mwa ziwa, na Malawi hushikilia maandiko hayo, hali Tanzania husema mpaka ni katikati ya maji. Kwa hoja ya kwanza, mvuvi wa Liuli akisukuma mtumbwi wake amekwisha kutoka nchini mwake miguu ikiwa bado imelowa. Mapatano hayo si sheria wala kanuni wala amri, bali ni mkataba, na mkataba huwafunga walioutia sahihi. Watu wa mwambao hawakuitwa.

Mwaka 2021 Bunge liliamua kwamba lugha ya sheria na ya mahakama iwe Kiswahili, jambo ambalo wengi tulikuwa tukilingoja kwa hamu. Basi nawasihi wenye kalamu za Serikali, na zaidi watendaji wa vijiji wanaoandika matangazo ya ubaoni, waliite kila jambo kwa jina lake. Nawe msomaji, ukisoma ubaoni neno sheria na chini yake kiasi cha faini, uliza ni sheria ipi na ilipitishwa wapi. Kwa Sheria ya Serikali za Mitaa ya 1982, sheria ndogo ya kijiji hupendekezwa na halmashauri ya kijiji, huletwa mbele ya mkutano wa wanakijiji, kisha huthibitishwa na halmashauri ya wilaya. Tangazo lisilopita hatua hizo tatu si sheria ndogo ya kijiji, hata likiwa na mhuri.