Cha Kuazima Hakirudi Chote: Riwaya na Filamu kwa Mwanachuo wa Kinampanda

Kiswahili kina kitenzi kimoja kwa watu wawili. Mwenye kalamu huazima anapoitoa, na asiye na kalamu huazima anapoipokea. Mtu akisema "Niazime kalamu yako," sentensi hiyo yaweza kuwa ombi kwa mwenye mali aitoe, na yaweza kuwa ruhusa anayojitakia mwombaji aichukue. Maana mbili zimekaa katika neno moja na hakuna anayetatizika. Kwa fedha lugha yetu ni kali zaidi: yupo anayekopa na yupo anayekopesha, na kila mmoja anajua upande wake. Lakini jembe, sufuria, nguo na kitabu huazimwa tu.

Wahenga walionya kwamba nguo ya kuazima haisitiri maungo. Kwa nguo wamesema kweli, kwani mwenyewe akiitaka utavua. Kitabu ni kitu cha namna nyingine. Siku ya kukirudisha hurudi karatasi na jalada. Kilichosomwa hubaki kwa msomaji, naye hawezi kukirudisha hata akitaka. Kwa sababu hiyo swali la nini kiazimwe maktabani ni zito, na mahali fulani ni zito kuliko kwingine.

Kinampanda ni mojawapo ya mahali hapo. Ni kata ya Wilaya ya Iramba, mkoani Singida, katika nchi ya Wanyiramba, na jina lake linajulikana mbali kwa sababu ya chuo chake cha ualimu. Mwanachuo wa ualimu si msomaji kama wasomaji wengine. Akihitimu na kuajiriwa hupangiwa shule ya msingi, mara nyingi kijijini pasipo na rafu ya vitabu vya hadithi. Watoto atakaowakuta, kama wale wa Iramba wanaolelewa kwa Kinyiramba, wengi hukutana na Kiswahili sanifu kwa mara ya kwanza kinywani mwa mwalimu. Basi alichoazima yeye chuoni ndicho watakachosikia wao darasani. Kama hakuazima kitu, watasikia kitabu cha kiada pekee.

Neno lenyewe "riwaya" linatukumbusha kazi hiyo. Limetoka katika Kiarabu, na kabla ya kuwa jina la hadithi ndefu iliyochapwa lilimaanisha upokezi, yaani habari inayotoka kwa mmoja kwenda kwa mwingine. Mpokezaji huyo aliitwa rawi. Katika ushairi wa Waarabu wa kale, rawi alikuwa mtu aliyehifadhi tungo za mshairi moyoni na kuzighani mbele za watu. Mshairi alitunga, na rawi akaeneza. Washairi wanaosoma makala haya watatambua mara moja umuhimu wa mtu huyo, kwa kuwa na kwetu tungo nyingi zilifika karne hii kwa vinywa vya watu kabla ya kufika kwa karatasi. Hoja yangu ni kwamba riwaya ya Kiswahili, hasa mbali na Pwani, imeishi kwa njia hiyo hiyo: imeazimwa, ikasomwa, ikasimuliwa. Filamu ya Kiswahili haikupata rawi, na ndiyo maana sehemu kubwa ya historia yake imetupotea.

Tuanze na vitabu. Maandishi ya mwanzo kuenea bara yalikuja kwa njia ya misheni. Iramba ilifikiwa na Walutheri, na baada ya Vita Kuu ya Kwanza kazi hiyo ikashikwa na Misheni ya Augustana, ya Wamarekani wenye asili ya Uswidi. Vitabu vya misheni vilikuwa hasa vya dini na vya kujifunzia kusoma. Kitabu cha kusomwa kwa raha kilihitaji chombo kingine, na chombo hicho kikaundwa mwaka 1948: East African Literature Bureau, taasisi iliyohudumia Kenya, Uganda, Tanganyika na Zanzibar. Haikuishia kuchapisha. Ilipeleka masanduku ya vitabu vya kuazimwa katika vituo vya mbali, na ikawaazima wasomaji vitabu kwa posta. Ilitambua kwamba mtu wa bara, ambaye duka la vitabu liko mbali naye na fedha iko mbali zaidi, atasoma tu ikiwa ataazimwa.

Tanganyika huru ilishika wazo hilo. Sheria ya kuanzisha huduma za maktaba ilipitishwa mwaka 1963, na Desemba 9, 1967, mwaka ule ule wa Azimio la Arusha, Mwalimu Nyerere alifungua Maktaba Kuu ya Taifa jijini Dar es Salaam. Kisha ikaja kampeni kubwa ya elimu ya watu wazima ya miaka ya 1970, na pamoja nayo mpango wa maktaba za vijijini, ili aliyejua kusoma leo asisahau kesho kwa kukosa cha kusoma.

Filamu ilikuja kwa njia nyingine. Ilikuja juu ya lori. Kati ya mwaka 1935 na 1937, huko Vugiri katika milima ya Usambara, Waingereza waliendesha jaribio la kutengeneza sinema za kuwaelimisha Waafrika. Zilitengenezwa filamu 35, kuhusu kilimo, afya na akiba, na lori lenye mashine likazungushwa katika nchi za Afrika Mashariki na ya Kati. Watu walikusanyika usiku, pazia likatundikwa, picha zikaonekana. Asubuhi lori likaondoka. Mwanzoni mwa miaka ya 1950 zikatengenezwa Tanganyika filamu za hadithi kwa Kiswahili, miongoni mwao Muhogo Mchungu. Mwigizaji wake mkuu alikuwa kijana Rashidi Mfaume Kawawa, ambaye mwaka 1962 alikuja kuwa Waziri Mkuu. Watanzania wengi wanamjua Kawawa wa siasa. Kawawa wa pazia jeupe hawamjui. Kitabu cha wakati ule ule, Kusadikika cha Shaaban Robert, kilichotoka mwaka 1951, kingali kinasomwa. Tofauti ya majaliwa yao haitokani na ubora peke yake. Kitabu kiliachwa mikononi mwa watu, filamu ikaondoka na lori.

Kwa kuyazingatia hayo, napendekeza rafu ndogo kwa mwanachuo wa Kinampanda, na kwa yeyote aliye mahali kama hapo.

Cha kwanza ni hicho hicho Kusadikika. Karama anashtakiwa kwa kosa la kufundisha uanasheria katika nchi isiyotaka kufundishwa, na utetezi wake ni kusimulia: anaeleza safari za wajumbe sita waliotumwa pande zote, wakarudi na mafunzo, wakafungwa. Mwalimu asome kitabu hiki kwanza kwa sababu shujaa wake ni mwalimu na ni rawi. Mshairi akisome kwa sababu ya nathari yake, ambayo imepimwa kana kwamba mwandishi hakuacha kuhesabu mizani hata alipoacha kutunga beti.

Cha pili ni Rosa Mistika cha Euphrase Kezilahabi, kilichochapishwa mwaka 1971 na taasisi ile ile ya masanduku ya vitabu. Kilizuiwa shuleni kwa muda kwa kudhaniwa kinapotosha maadili, kisha baadaye kikarudi na kufundishwa. Rosa ni binti wa Ukerewe aliyelelewa chini ya ukali wa baba, akapelekwa shule ya bweni, kisha chuo cha ualimu, na kila alipokwenda alikutana na watu wazima waliopaswa kumlinda wakamtumia. Sijui kitabu kingine cha Kiswahili ambacho mwanachuo wa ualimu anapaswa kukisoma mapema zaidi ya hiki. Wasiwasi wa waliokizuia ulikuwa kwamba kinawaambia vijana mengi mno. Ukikisoma kwa utulivu utaona kinasema zaidi na wakubwa.

Cha tatu ni kikubwa kwa kurasa na kwa subira: Bwana Myombekere na Bibi Bugonoka, Ntulanalwo na Bulihwali. Aniceti Kitereza alikiandika kwa Kikerewe mwaka 1945. Hakikupata mchapishaji katika lugha hiyo. Mwandishi mwenyewe, akiwa mzee, akakitafsiri kwa Kiswahili, na Tanzania Publishing House ikakitoa mwaka 1980. Kitereza alifariki mwaka 1981. Ni hadithi ya mume na mke wanaotafuta mtoto, na ndani yake yamo maisha ya Ukerewe kabla ya ukoloni, kuanzia kilimo na uvuvi hadi pombe ya wakwe na dawa za mganga. Kiswahili chake si cha Unguja wala cha Tanga; ni Kiswahili cha bara, chenye pumzi ya lugha nyingine chini yake. Msomaji mwenye Kinyiramba au Kinyaturu nyumbani ataona humo kwamba lugha mama haikizuii Kiswahili cha mtu kuwa kizuri, bali inaweza kukinenepesha.

Pamoja na kitabu hicho iwekwe filamu ya Arusi ya Mariamu ya mwaka 1985, iliyoongozwa na Nangayoma Ng'oge na Ron Mulvihill. Ni fupi, haitimizi saa moja. Mariamu anaumwa, hospitali haimfai, na njia iliyobaki ni ya mganga wa jadi, ambaye yeye anamwogopa. Kitereza anamweleza mganga kwa kurasa nyingi, hatua kwa hatua. Filamu inakuweka mbele ya uso wa mgonjwa. Mwanafunzi atakayeazima vyote viwili atajifunza kile ambacho kila sanaa inaweza na kile isichoweza.

Jozi ya pili inahusu vijiji vya ujamaa, ambavyo Singida, kama mikoa mingine, iliviona kwa macho. Fimbo ya Mnyonge ni filamu ya miaka ya 1970 ya Kampuni ya Filamu Tanzania, iliyotengenezwa kuhimiza maisha ya ujamaa. Gamba la Nyoka ni riwaya ya Kezilahabi ya mwaka 1979, inayoeleza jinsi watu walivyohamishiwa katika vijiji hivyo na kilichotokea sera ilipokutana na wakulima wenye akili zao. Moja inashangilia, nyingine inahoji. Ni vyema zisikilizwe pamoja, kwa sababu kizazi kinachofundishwa sasa hakikuwapo, na kikipewa upande mmoja kitadhani upande wa pili haukuwapo.

Jozi ya tatu ina jina moja. Vuta N'kuvute ni riwaya ya Adam Shafi ya mwaka 1999 na ni filamu ya Amil Shivji ya mwaka 2021. Filamu ilionyeshwa kwa mara ya kwanza katika tamasha la Toronto, kisha Tanzania ikaiteua kuiwakilisha katika kinyang'anyiro cha Oscar, jambo ambalo awali lilikuwa limefanyika mara moja tu, kwa filamu ya Maangamizi ya mwaka 2001. Yasmini, binti wa Kihindi aliyeozwa kwa mtu mzima, anakutana na Denge, kijana anayepinga utawala wa Waingereza Zanzibar. Ushauri wangu ni kitabu kwanza. Shafi anaijenga Zanzibar kwa mazungumzo, kwa mzaha na kwa majina ya mitaa. Ukishaisikia hiyo, utaona vizuri zaidi mwongozaji alichokibadilisha kuwa rangi, giza na muziki.

Itasemwa kwamba vijana wa leo hawangoji maktaba. Wanatazama filamu katika simu, na kabla ya simu walikwenda katika vibanda umiza, ambako sinema za Hong Kong, India na Marekani zilitafsiriwa na watu kama Lufufu, aliyekuwa akiweka sauti yake juu ya sauti za waigizaji na kuisimulia hadithi upya kwa Kiswahili cha mtaani. Ni kweli, na jambo hilo linaunga mkono hoja yangu. Watu hao walikuwa marawi hasa. Waliichukua hadithi ya watu wengine, wakaiazima, wakaitoa ikiwa imevaa lugha yetu. Filamu za kigeni zikapata wasimulizi kwetu, huku filamu zetu wenyewe za Kiswahili zikikosa hata rafu ya kukaa.

Kwa hiyo ombi langu kwa wenye maktaba, ziwe za chuo, za mkoa au za shule, ni dogo. Filamu ya Kiswahili iorodheshwe na kuazimwa kama riwaya inavyoorodheshwa na kuazimwa, kwa jina la mwongozaji na mwaka wake, ikae kando ya kitabu kinachohusiana nayo. Na kwa mwanachuo: azima kimoja kwa mwezi, na kabla ya kukirudisha msimulie mtu mmoja ambaye hajakisoma. Usipoweza kumsimulia, kisome tena. Utakapofika katika shule uliyopangiwa, kitabu hicho kitakuwa kimerudi Kinampanda zamani, katika rafu yake, kikimngoja mwingine. Nawe utakuwa na darasa la watoto wanaosubiri mwalimu aanze kusimulia.