Intaneti ya nyumbani kwa ajili ya muziki: piga hesabu kwanza, lipa baadaye

Haya wadau, kuna mshikaji tumekutana kafe hapa Kariakoo kaniuliza swali ambalo naulizwa karibu kila wiki: "Nataka kuweka intaneti geto, kazi yake muziki tu. Nichukue ipi?" Nikaona nijibu hapa, ifae wote.

Nianze na kosa langu. Nilipohamia chumba cha ghorofani maeneo ya Gerezani, dada yangu anayeuza vitenge alinikopesha hela nikanunua ruta ya laini kwa kampuni moja, jina naliacha. Muuzaji alinipigia debe la kasi, na kweli pale dukani ilikuwa inapaa. Kufika nyumbani, dirisha langu linatazamana na ukuta wa ghorofa la jirani, na ikifika saa mbili usiku wimbo unakata katikati ya kiitikio. Kurudisha wakakataa, eti boksi limeshafunguliwa. Deni nimelilipa miezi mitano, na kila nikipita kibandani dada ananiuliza, "Muziki wako unaimba?" Nyie msirudie.

1. MUZIKI UNAKULA KIASI GANI?

Kasi inauzwa kwa Mbps, yaani megabiti kwa sekunde. Biti 8 ndio baiti 1, kwa hiyo Mbps 10 ni MB 1.25 kwa sekunde, sio MB 10. Wengi tunaliwa hapo.

Chukua mfano wa Spotify, iliyoingia Tanzania Februari 2021. Unachagua ubora mwenyewe kwenye mipangilio, ila ubora wa 320 ni kwa anayelipia. Kwa saa moja inakula hivi:

- kilobiti 24 kwa sekunde: MB 11
- kilobiti 96: MB 43
- kilobiti 160: MB 72
- kilobiti 320: MB 144

Ukisikiliza saa 4 kila siku kwa 160, mwezi unamaliza GB 8.6 hivi. Kwa 320 ni GB 17.3. Na watu watano wakisikiliza kwa pamoja kwa 320 wanatumia Mbps 1.6 tu! Kwa hiyo muziki hautaki kasi kubwa, unataka laini isiyokatika. Mlafi ni video. Hata video ya Mbps 1 inakula MB 450 kwa saa, kwa hiyo ukiwasha YouTube halafu unaangalia dari, unachoma hela.

2. AINA ZILIZOPO

Faiba. Waya unaingia mpaka ndani, haujali kuta wala foleni ya watu kwenye mnara. TTCL wanayo, wanaiita Faiba Mlangoni Kwako. Ila kufika mtaani sio kufika kwenye jengo lako. Uliza kwanza, halafu muulize mwenye nyumba kama anaruhusu kutoboa ukuta. Kama unahamahama kila miezi sita, fikiria mara mbili.

Ruta ya laini, 4G au 5G (Vodacom walizindua 5G Septemba 2022). Uzuri wake unahama nayo. Ubaya wake mnara mnagawana na mtaa mzima. Kabla hujanunua, azima laini ya kampuni hiyo, weka kwenye simu, kajaribu chumbani kwako mchana na tena saa mbili usiku. Dukani usijaribu, dukani kila kitu kinapaa. Ukishanunua, iweke dirishani upande wa barabarani.

Bando la simu. Kama uko peke yako na hesabu ya hapo juu inakutoa GB 5 kwa mwezi, ruta ya nini?

3. ULIZA KABLA HUJATOA HELA

- "Bila kikomo" ikifika GB ngapi inapunguzwa, na inashuka mpaka ngapi? Ikibaki Mbps 1 muziki bado unaimba, video ndio kwaheri.
- Nikikuta haishiki kwangu, narudisha ndani ya siku ngapi? Waandike kwenye risiti. Mdomo hauna ushahidi.
- Umeme ukikatika? Ruta isiyo na betri inazima hapo hapo.

4. HUENDA HUHITAJI KABISA

Mei 2024 nyaya za baharini za EASSy na SEACOM zilikatika, mtandao ukayumba nchi nzima. Siku zile hakuna ruta iliyomwokoa mtu. Waliokuwa na nyimbo ndani ya simu waliendelea kama kawaida.

Ukilipia Spotify unaruhusiwa kupakua. Nyimbo 100 za dakika 4 kwa ubora wa 160 ni kama MB 480, unazishusha kafe kwenye WiFi, unaenda kuzisikiliza geto bila bando. Sharti uingie mtandaoni angalau mara moja kila siku 30.

Mimi sasa hivi ndivyo ninavyofanya, kila Jumamosi. Ile ruta nilimuuzia jamaa anayekaa ghorofa ya juu, dirisha linatazama barabara. Kwake inapaa! Ruta ilikuwa nzima, chumba ndicho kilikuwa hakifai.

Haya, wadau wa Kariakoo, Upanga, Ilala na Kisutu, semeni: jengo lenu lina faiba? Saa mbili usiku laini gani inashika? Tajeni mtaa na ghorofa ya ngapi, tusaidiane kabla mwingine hajakopa kwa dada yake.